Jinsi ya Kupiga Filamu Kupitia Dirisha kwa Simu Yako

"Mbona nje panageuka peupe tupu?" "Mbona najiona kwenye kioo?" "Lazima ninunue kamera?" Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na karibu kila kijana anayeanza kupiga video hapa Kisumu. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Usome mpaka mwisho kwanza, kisha urudi mwanzo ukiwa na simu mkononi.

Ninapendekeza uanze na dirisha kwa sababu kila mtu analo, halilipishwi, na linakufundisha kazi kubwa kuliko zote katika filamu: kuchagua kitakachoonekana na kitakachofichwa. Ninaposema dirisha, hesabu pia mlango ulio wazi, pazia linalogawa chumba kimoja kuwa sebule na mahali pa kulala, kioo cha kinyozi, dirisha la matatu, na lile tundu kati ya vyuma vya duka ambapo mkono hupitisha pesa na kurudi na unga. Zote ni fremu zilizokwisha kutengenezwa, zikikungoja.

Shika jambo moja tu kabla hatujaanza. Dirisha lina pande mbili, na wewe umesimama upande mmoja. Anayetazama filamu yako ataujua upande huo hata usipomwambia, na kwa kuujua atajua wewe ni nani katika hadithi: mwenyeji, mgeni, mtoto aliyekatazwa kutoka, au mtu anayechungulia ya watu.

Unachohitaji

- Simu yoyote inayopiga video. Ya bei ya chini inatosha. Kama umepungukiwa, usikope kununua kubwa.
- Kipande cha katoni, rula, na kisu au wembe.
- Kitambaa cheusi au sweta ya rangi nzito.
- Karatasi ya manila nyeupe, au shuka jeupe.
- Stendi ya miguu mitatu. Ukiikosa, mfuko mdogo uliojazwa mchele au mchanga utashika simu vizuri juu ya kizingiti cha dirisha.
- Kitambaa safi cha pamba cha kufutia lenzi.
- Simu ya pili ya kurekodia sauti, ukiweza kuazima.

Hatua ya 1: Kata fremu ya katoni

Chora mstatili wa sentimita 16 kwa 9 katikati ya katoni, uukate, utupe cha ndani. Hicho kilichobaki ndicho chombo chako cha kwanza. Video za simu nyingi huwa na uwiano huo huo wa 16 kwa 9, kwa hiyo unachokiona kupitia katoni kinakaribiana sana na umbo la picha utakayopata. Kama unapiga video za kusimama wima, igeuze katoni isimame.

Funga jicho moja. Lete katoni karibu na uso: unaona chumba kizima. Isukume mbele mpaka mkono unyooke: unaona kikombe na ukingo wa meza tu. Mikono yako imekuonyesha tofauti ya lenzi pana na lenzi nyembamba bila kugusa simu. Tembea nayo nyumbani, sokoni, ufukweni Dunga, ukijiuliza kila mara swali moja: nikisogeza ukingo huu kidole kimoja, nini kinaingia na nini kinatoka?

Onyo: wengi hutafuta picha wakiwa kwenye hali ya picha mnato ya simu, ambayo kwa kawaida ni 4 kwa 3. Wakibadilisha kwenda video, juu na chini pamekatwa na mpangilio wote umeharibika. Ukipanga kwa simu, iweke kwenye video tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Kaa dirishani bila simu

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayotofautisha picha iliyoonwa na picha iliyookotwa. Chagua dirisha moja. Kaa hapo nusu saa asubuhi, na nusu saa nyingine jioni, simu ikiwa chumba kingine. Andika kwenye karatasi nani hupita, kutoka upande gani, saa ngapi, amebeba nini. Jirani hutoka na beseni la nguo saa ngapi? Kivuli cha paa kinafika wapi ukutani? Watoto wa shule hupita kwa makundi au mmoja mmoja?

Karatasi hiyo ni ratiba yako ya kazi. Utajua kwamba karibu na saa moja asubuhi mama wa samaki hupita kutoka kushoto akiwa na karai kichwani, kwa hiyo utakuwa umeshatega simu anapotokea. Na faida yake haiishii kwenye filamu: mtaa ule ule uliouzoea utaanza kukuonyesha mambo ambayo umekuwa ukiyapita kila siku.

Hatua ya 3: Amua upande

Ukiwa ndani penye giza ukitazama nje penye mwanga, mtazamaji hukaa nawe ndani. Anahisi kivuli, usalama, kungoja, au kufungiwa. Ukiwa nje ukitazama ndani, mtazamaji yuko barazani na hajaambiwa karibu. Upande huu una nguvu na una hatari. Utumie pale hadithi inapohitaji mtu aliyeachwa nje, na uwe na sababu.

Mlango hutofautiana na dirisha kwa jambo moja: mtu anaweza kuuvuka. Ukipiga mlango, acha mtu aingie au atoke angalau mara moja. Mlango usiovukwa na yeyote humfanya mtazamaji angoje bure.

Hatua ya 4: Omba ruhusa

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake. Lakini hata bila sheria, dirisha la mtu ni la mtu. Usipige ndani ya nyumba ya watu kutoka barabarani, hata kama pazia liko wazi, hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Kwa watoto, zungumza na mzazi.

Kuomba si kugumu. Salimia kwanza; kama ni asubuhi, "Oyawore", salamu ya asubuhi ya Kijaluo, hufungua milango mingi huku. Kisha sema wazi: "Mama, najifunza kupiga video. Naomba nikae ndani ya duka nusu saa, nipige watu wakija dirishani. Nitakuonyesha kila kitu kabla sijaondoka, na usichokipenda nitakifuta hapo hapo." Halafu ufanye ulivyosema. Akikataa, shukuru uende.

Hatua ya 5: Lisome jua

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na hiyo inakurahisishia kazi. Mwaka mzima dirisha linaloelekea mashariki hupata jua la asubuhi na linaloelekea magharibi hupata la jioni, bila mabadiliko makubwa. Jua hufika utosini karibu na saa saba kasorobo, si saa sita kamili, kwa sababu saa zetu zimepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi yetu. Mwezi wa Juni jua huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini. Machi na Septemba adhuhuri liko juu ya kichwa na haliingii dirishani hata kidogo.

Kwa anayeanza nina nyakati tatu za kupendekeza.

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kwa dirisha la mashariki. Mwanga huingia kwa mshazari, huchora umbo la vyuma sakafuni, na vumbi la chumba huonekana.

Alasiri, kwa yeyote anayetaka pazia lenye uhai. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na pazia jepesi hupanda na kushuka lenyewe. Tazama mawingu, hasa Machi hadi Mei; mvua ikianza kupiga mabati hutasikia mtu akizungumza.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: baada tu ya jua kutua. Huku jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na kwa kuwa tuko ikweta, giza huingia haraka. Una kama dakika ishirini. Ndani ya muda huo kuna dakika chache ambapo anga ya nje na taa ya ndani zina nguvu sawa, na simu yako ndogo inaona pande zote mbili kwa ukamilifu: uso wa bibi aliyekaa chini ya taa, na nyuma yake bluu ya jioni juu ya mapaa. Tega kila kitu mapema, washa taa, anza kurekodi jua linapozama, na uendelee kupiga vipande vifupi mpaka giza. Kimoja kitakuwa sawa.

Hatua ya 6: Tega simu

Futa lenzi. Simu inayolala mfukoni hupata mafuta, na mafuta hugeuza dirisha lenye mwanga kuwa ukungu.

Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Simama ukilitazama dirisha sawasawa, simu isielekee juu wala chini, mpaka mistari ya fremu ya dirisha ilale pamoja na ya gridi. Tumia lenzi ya kawaida ya 1x, usitumie ile pana zaidi. Pana huipinda miimo ya dirisha. Kama dirisha haliingii lote, rudi nyuma kwa miguu. Chumba kikiwa kidogo, kubali nusu ya dirisha na umwachie mtazamaji nusu nyingine aikamilishe mwenyewe.

Urefu wa simu una maana kubwa. Yasujirō Ozu, mwongozaji wa Japani aliyefariki mwaka 1963, alijulikana kwa kuishusha kamera karibu na usawa wa mtu aliyekaa mkekani, akitazama chumba kupitia chumba kingine kwa milango iliyo wazi. Nyumba zetu nyingi zinafaa sana kwa njia hiyo. Weka simu juu ya stuli ya jikoni, si juu ya kabati, upige kupitia pazia la kugawa chumba likiwa limefunguliwa nusu. Utashangaa jinsi sebule yenye vitambaa vya makochi inavyopata heshima.

Hatua ya 7: Funga mwangaza na fokasi

Hapa ndipo jibu la "nje panageuka peupe tupu" lilipo. Simu hutafuta wastani. Ikiona chumba chenye giza hufungua mwangaza, na nje kunaungua. Jicho lako linaona pande zote mbili, simu haiwezi. Kwa hiyo uchague.

Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, ushikilie kidole hapo mpaka simu ikuonyeshe imefunga, yaani haitabadilisha tena mwangaza wala fokasi (ukali wa picha) yenyewe. Kwa simu nyingi itatokea alama ya jua pembeni. Iburute chini mpaka anga irudishe rangi yake. Chumba kitakuwa cheusi, na mtu aliyesimama dirishani atakuwa kivuli. Mara nyingi hilo ndilo unalolitaka.

Kama unataka uso uonekane pia, usimwangazie kwa tochi ya simu. Msogeze mtu karibu na dirisha, ageuke ubavu, na uweke ile manila nyeupe upande wake wenye giza, nje kidogo ya fremu. Mwanga wa dirisha utadunda kwenye karatasi na kurudi shavuni.

Kama programu ya kamera yako inaruhusu, chagua picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde unapopiga chini ya taa. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mipigo 50 kwa sekunde, na taa nyingi huyumba mara mbili kwa kila mpigo. Namba hizi huzuia ile michirizi inayotembea kwenye skrini.

Hatua ya 8: Piga zoezi la duka

Tafuta duka la mtaani lenye vyuma mbele, Nyalenda, Manyatta, Kondele, popote unapojulikana. Omba kukaa ndani, upande wa muuzaji. Watu wengi wanaopiga video za duka husimama nje na kupiga rangi za bidhaa. Wewe kaa ndani.

Kutoka hapo vyuma vinakuwa vyeusi mbele ya mwanga wa barabara, na kila mteja anajitokeza mwenyewe ndani ya mraba wake. Mtoto huonekana kuanzia paji la uso kwenda juu. Mwendesha boda huinama. Mzee huweka kiwiko na kuzungumza kabla hajataja anachonunua. Kila mmoja anaitumia fremu ile ile kwa namna yake, na hiyo tayari ni filamu.

Piga hivi:

1. Picha pana, vyuma vyote na barabara, kwa dakika mbili bila kusogeza simu. Usikate mtu anapoondoka. Fremu tupu inayongoja anayefuata ina kazi yake.
2. Tundu la kupitishia pesa peke yake. Mikono tu: sarafu, simu inayoonyesha ujumbe wa M-Pesa, mkate, chenji.
3. Uso wa muuzaji akiangalia nje wakati hakuna mteja. Kivuli cha vyuma mara nyingi hulala usoni mwake.
4. Mwisho, toka nje, vuka barabara, upige duka lile lile kutoka upande wa mteja. Sasa yeye ndiye aliye ndani ya fremu.

Usisogeze simu kushoto na kulia kufuata watu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukimfuata mtu, dirisha linakufa, kwa kuwa kingo zake hazikatai tena chochote. Mwache atoke. Sauti yake ikiendelea baada ya kutoka, mtazamaji ataiona barabara isiyoonyeshwa.

Soko la Kibuye siku ya Jumapili linafaa pia, ukipiga kupitia nguo za mitumba zilizotundikwa. Lakini lina watu wengi na ruhusa ni ngumu. Lifanye ukishazoea duka.

Hatua ya 9: Dirisha linalotembea

Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpigapicha wa ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, aliweka kamera ndani ya mashua Venice na kupiga majumba yakipita. Wewe una matatu.

Chukua safari ya Kakamega kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali. Ondoka asubuhi na ukae dirisha la kushoto. Unaelekea kaskazini, kwa hiyo ukitazama kushoto jua liko nyuma yako na linakimulika vizuri unachokitazama. Isitoshe, sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo huko ndiko kuna wauza ndizi, stendi za boda na mawe makubwa ya Vihiga yakiwa karibu. Kulia utapata malori yanayokuja tu.

Gusisha lenzi kwenye kioo, lakini usiegemeze mwili wa simu wala kiwiko ukutani mwa gari, maana mtetemo wote huingia. Shika kwa mikono miwili, viwiko vikiwa mbavuni. Usitoe simu nje ya dirisha, hasa gari likiwa limesimama kituoni. Na usielekeze kamera kwa abiria wenzako bila kuwauliza.

Hatua ya 10: Unganisha

Chagua vipande vitano, visizidi vinane. Panga kwa saa za siku au kwa pande za dirisha, ndani kisha nje. Acha kila kimoja kikae mpaka uone jambo la pili ndani yake, ndipo ukate. Muziki uongeze mwisho, kama bado unauhitaji baada ya kusikiliza sauti za mtaa.

Mambo yakienda kombo

*Najiona kwenye kioo.* Upande ulio na mwanga zaidi ndio huakisiwa. Zima taa za ndani, gusisha lenzi kwenye kioo, na ufunike simu na kichwa chako kwa kile kitambaa cheusi. Usiku ni vigumu zaidi; fungua dirisha.

*Wavu wa mbu unaonekana kama ukungu.* Sogeza lenzi mpaka ikaribie kuugusa wavu, nao utapotea kwa kuwa uko karibu mno kulengwa. Au fanya kinyume: lenga wavu wenyewe, uache barabara iwe rangi tu nyuma yake.

*Fokasi inahangaika kati ya vyuma na mtu.* Mwombe mtu asimame atakapokuwa, mguse kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge, ndipo urekodi.

*Mtu wa ndani ni wa manjano na nje ni bluu kupita kiasi.* Balbu yako ni ya rangi ya joto. Ama uikubali, maana jioni inapendeza, ama uweke balbu nyeupe, ama uizime ubaki na mwanga wa dirisha peke yake. Usijaribu kurekebisha pande zote mbili kwenye kuhariri.

*Sauti ni upepo mtupu.* Maikrofoni ya simu iko dirishani, upepo uko dirishani. Weka simu ya pili ndani, karibu na anayezungumza, iwe inarekodi. Piga kofi moja mbele ya simu zote mbili mwanzoni mwa kila kipande. Kwenye kuhariri utalinganisha sauti ya kofi hilo.

*Nimepiga saa nzima na hakuna lililotokea.* Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2 uangalie saa. Kama karatasi ni tupu, hukukaa. Kama imejaa, basi umetega simu dirishani wakati mtaa umelala. Njoo saa watoto wa shule wanaporudi.